Taa ya Ndani ya Buti

Wanafunzi waliopita mikononi mwake walimwita Kengele, na jina hilo lilimfuata hata alipostaafu ulezi wa mabweni na kuhamia na mkewe katika nyumba ndogo yenye banda la bati la gari. Halikumchukiza. Kengele haimbembelezi mtu. Hulia kwa wakati wake, na asiyesikia akajijue. Hivyo ndivyo alivyoongoza mabweni, na hivyo ndivyo alivyomlea binti yao wa pekee, mpaka siku binti huyo alipofunga virago kumfuata mwanamume ambaye baba yake alikuwa amemkataa. Siku hiyo Kengele alisema neno moja tu mezani, bila kupandisha sauti: atakayevuka kizingiti hiki kumfuata binti huyu, naye asirudi.

Miaka ikapita juu ya neno hilo. Sasa binti alikuwa amejifungua, na uzazi ulikuwa umemwacha hoi kitandani. Simu yake ilipokewa na mama. Mama huyo hakulia wala hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba gari likipona, atakwenda. Safari ilikuwa ndefu, na nyonga yake mbovu isingestahimili basi. Kengele naye macho yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, hakushika usukani tena. Mke alikuwa dereva, mume mtunzaji wa gari. Hivyo shauri zima la nyumba ile likaangukia betri.

Na betri ilikuwa haikai. Jioni gari linanguruma kama simba. Asubuhi ukizungusha ufunguo linatoa mlio mmoja mkavu, kama mtu anayesonya, kisha kimya. Cheche, fundi umeme wa njia panda, alikuwa amebadilisha betri, na ile mpya nayo ikafa. Alikuja tena akapima alteneta, akaikuta inachaji barabara. Akafuta mikono kwenye ovaroli yake na kutangaza kwamba gari hili sasa linataka mganga, si fundi. Kisha akachungulia dirisha la jikoni, akapunguza sauti.

"Lakini mwalimu, wewe haraka ya nini? Ningekuwa wewe ningeliacha lilale. Betri ikifa, mama habanduki."

Cheche alicheka peke yake. Kengele alimjibu kwamba katika nyumba hii hafungwi mtu kwa uongo, akamwomba amwachie mita ya kupimia umeme, akamfungulia lango. Hasira yake ilikuwa na sababu ambayo fundi hakuijua: wazo lile halikuwa geni. Lilikuwa limemtembelea yeye mwenyewe siku nyingi, naye alikuwa akilifukuza kama mbuzi wa jirani.

Kesho yake akaanza kazi kwa namna aliyokuwa akikagua mabweni, kitanda kwa kitanda. Gari lililozimwa, kama bweni lililozimwa taa, linapaswa kulala. Kama betri inakauka, basi kuna mtu yuko macho humo ndani. Alifungua waya hasi wa betri, akaiweka mita kati ya waya huo na betri, ili kila umeme unaotoka upite mbele yake kama wanafunzi langoni. Akamkataza mkewe kugusa mlango wowote. Akaketi kwenye kigoda, akalisubiri gari litulie. Alipoileta mita karibu na pua yake, tarakimu zilikuwa bado ziko juu.

Akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine. Ya redio: tarakimu hazikutikisika. Ya honi: hali ile ile. Alipochomoa fyuzi ya taa za ndani, tarakimu zilianguka karibu na sufuri, naye akaonja ile furaha yake ya zamani ya kumkuta mtoro nyuma ya ukuta. Haikudumu. Alikumbuka ni nani aliyekuwa akisubiri matokeo ya ukaguzi huo.

Akairudisha fyuzi, akaunga waya. Taa ya darini ilikuwa imezima, na ya kisanduku cha mbele pia. Ilibaki ya buti, na taa ya buti ina ujanja wake: ukilifungua kuitazama, lazima uikute inawaka, maana ndiyo kazi yake; ukilifunga, huioni tena. Alivua viatu, akamwita mkewe.

"Nifungie humu," alisema.

Mkewe alimtazama, akalitazama buti. "Umri huu, mwalimu?"

"Ni kitambo kidogo tu."

"Wale vijana wako wa bwenini wangekuona leo, wangesema Mungu si Athumani."

Kengele aliingia ndani. Alijikunja juu ya zulia la buti, magoti kidevuni, na mfuniko ukashuka.

Taa ilikuwa inawaka. Ilimulika magoti yake, nyaya zilizokuwa juu ya kichwa chake, na begi la mkewe lililokwisha kupakiwa pembeni. Hakushangaa kuliona, kwani safari haikuwa siri. Kilichomshika ni unene wake. Lilikuwa limeshindiliwa hata zipu ikawa inang'ang'ana. Halikuwa begi la mtu wa kwenda na kurudi. Neno alilolisema mezani mwenziwe alikuwa amelipokea lote, na amelifungia mzigo.

"Vipi?" sauti ya mkewe ilitoka nje. "Imezima?"

Duniani kote taa hiyo ilikuwa na shahidi mmoja tu, naye ni yeye. Angesema imezima, ugonjwa ungetafutwa kwingine: kwenye nyaya, kwenye swichi, kwa Cheche na waganga wake. Na gari lingeendelea kulala, na mtu angebaki. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kulipanga neno hilo.

"Inawaka," akasema.

Kitasa kikalia. Kisha mfuniko ukafunguliwa, na mkewe akampa mkono kumwinua.

Sababu ilikuwa ndogo hata ya kutia aibu. Kipande cha mpira kwenye mfuniko, ambacho kazi yake ni kubonyeza swichi buti linapofungwa, kilikuwa kimelika na kudondoka. Cheche angeng'oa balbu, akaenda zake. Kwa Kengele, hiyo ilikuwa kuficha maradhi, si kutibu. Alikata kipande kwenye kisigino cha kandambili yake kuukuu, akakichonga kwa wembe, akakigandisha kwa gundi, akaiacha betri kwenye chaja. Alasiri alivua viatu mara ya pili, akajikunja, akafungiwa.

Giza. Giza tupu, lisilo na ufa.

"Imezima," alisema.

Mfuniko haukufunguka. Alisikia bati likilalamika kidogo: mkewe alikuwa ameegemea. Sauti yake ilipokuja, ilikuja karibu sana.

"Mume wangu. Nakuuliza mara moja tu. Nikienda kwa mtoto, nirudi?"

Hakuwa amemwita hivyo tangu binti alipoondoka. Na pale gizani, ambapo hakuna aliyeuona uso wake, palikuwa mahali pepesi kuliko pote pa mtu kumeza neno lake. Kengele alilijua hilo. Lakini aliwakumbuka pia wavulana aliowarudisha makwao kwa makosa madogo kuliko la binti yake, na mama zao waliolia kwenye benchi nje ya ofisi yake, wakimwomba neno moja tu la huruma. Kama leo angelitoa kwa ajili ya nyumba yake, yale machozi yalikuwa ya nini?

"Nilikwisha sema," akajibu.

"Ulilosema siku ile nililisikia. Nakuuliza leo."

Aligusa mfuniko kwa kiganja. Hatimaye akasema, "Fungua, mama. Humu hakuna hewa."

"Hewa ipo," mkewe alisema, akafungua.

Asubuhi mkewe alimwelekeza ilipo dawa yake ya macho, akamwambia kwamba chakula cha mchana kiko sufuriani. Akaingia garini, akazungusha ufunguo. Gari likawaka kwa mpigo mmoja. Kengele alisimama bandani, kichwa ameinamisha, akisikiliza injini kama mtu aliyedondosha sindano na kutega sikio imeangukia wapi. Alitafuta mkwaruzo, kikohozi, mkanda unaolia. Kasoro yoyote ya kuhitaji walau siku moja zaidi. Hakusikia hata moja. Kazi ilikuwa safi.

Alilifungua lango mwenyewe, akasimama wima mpaka gari likapita. Mkewe alitazama mbele, kama dereva mwangalifu anavyopaswa.

Cheche alifika jua likiwa limepanda, kuchukua mita yake. Aliliona banda tupu, akapiga mluzi wa kustaajabu, akauliza ugonjwa ulikuwa wapi. Kengele alimweleza: kipande cha mpira. Fundi akatikisa kichwa, akacheka, akakiri kwamba mwalimu ni mwalimu.

"Na mama anarudi lini?"

"Gari limepona," Kengele alisema. Akamrudishia mita yake, akafunga lango, akatia komeo.