Mkwe Asiyegusa Nyanya

Asubuhi ya kupika nyanya na kuzifunga kwenye chupa, mke wa mwanangu alishuka ngazi amevaa gauni jeupe, nikajua hapa kuna jambo. Nani huvaa nguo nyeupe siku ya nyanya?

"Mama, leo sigusi nyanya," Mirella akasema bila kunitazama. "Niko kwenye siku zangu."

Kwetu Sarno hilo halina ubishi. Mwanamke aliye kwenye siku zake akigusa nyanya za chupa, mchuzi unachacha na chupa zinapasuka kabla ya Krismasi. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa akituuliza mmoja mmoja pale mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumdanganya. Lakini Mirella amekulia Torino, kwa watu wanaonunua mchuzi dukani. Tangu aolewe na Sabato wangu amekuwa akiicheka mila hii. Leo ndiyo ameanza kuiamini?

Maneno yale yaliniuma pia. Siku zake maana yake hakuna mtoto, na mimi mjukuu namtaka kuliko kitu chochote duniani. Wakati wa Pasaka mimba yake ya kwanza ilitoka, na tangu hapo mle nyumbani hatulitaji jambo hilo.

"Basi kaa jikoni ututengenezee nyoki," nikamwambia. "Viazi havina masharti."

Nikarudi uani kuzungusha mashine ya kukamulia nyanya, jicho moja kwenye dirisha la jikoni. Nilimwona akikanda viazi vilivyopondwa na unga, akikata madonge madogo, akiyaviringisha moja moja juu ya uma yapate mistari ya kushika mchuzi. Mkono wake ni mzuri, siwezi kumsingizia. Ila kila mvuke wa nyanya ulipoingia dirishani, aligeuza uso. Nikaanza kuwaza mabaya. Pengine anatudharau. Pengine ameshamshawishi Sabato wahamie kwao, na huku ndiko kujitoa kidogo kidogo.

Nikaingia jikoni ghafla na sufuria ya mchuzi mpya wenye majani ya rehani, nikamsogezea kijiko mdomoni. "Onja chumvi."

"Sitaki, mama."

"Onja! Kuonja si kugusa."

Akaonja. Macho yakamtoka, akaziba mdomo, akakimbilia chooni. Nikabaki na kijiko mkononi nikimsikia akitapika, na moyo wangu ukaruka kwa furaha mpaka nikaona aibu. Siku zake gani!

Aliporudi nilikuwa tayari navua aproni. "Namwita Nunziata! Wifi yangu lazima awe wa kwanza kusikia!"

"Mama, usithubutu." Alinishika mkono, vidole vimejaa unga. "Ndiyo maana nilikudanganya."

"Mimi? Mimi bibi yake mtoto?"

"Mara ile ulimwambia hata muuza samaki. Mimba ilipotoka, muuza samaki akanipa pole mbele ya foleni nzima. Kila nilikopita, pole, pole. Nilikuwa siwezi hata kununua mkate bila mtu kunililia. Ningekwambiaje tena?"

Nikaifunga tena aproni yangu.

Nunziata hakuhitaji kuitwa. Umbea ndio kazi yake. Alikuwa keshasimama mlangoni na kapu la chupa. "Hee! Bibi harusi wa Torino mbona kapauka hivyo? Na macho mekundu? Kuna habari gani, Assuntina?"

Mirella akainamia ubao wake. Habari ilikuwa inaniwasha ulimini.

"Habari gani? Nyoki zake ngumu kama mawe," nikasema. "Nimemwambia ukweli, ndiyo analia."

"Nilijua!" Nunziata akapiga makofi. "Si nilisema tangu harusini kwamba huyu hajui kupika?" Akaondoka mbio, chupa zikigongana kapuni.

Jumapili kanisani wanawake walisogea mbali nami kwenye benchi huku wakinong'ona: mama mkwe katili, kamliza mtoto wa watu kwa sababu ya madonge ya viazi. Hata padri alinitazama vibaya. Nikafungua kitabu changu cha nyimbo. Mirella akaja kuketi kando yangu, akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya tumbo lake chini ya shali, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuuona.