Janeth Anamng'arishia Nani Meno

Melkiori aliikuta dawa ile ya meno nyuma ya ndoo ya unga, imeviringishwa kwenye kipande cha khanga kama hirizi. Boksi lake lilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka hadi magego yanaonekana, na maandishi makubwa yakiahidi meno meupe pee. Nyumbani kwake hapo Mkiwa, Singida, wote walitumia dawa moja ya kawaida, iliyokaa dirishani mchana kweupe bila kumwogopa mtu. Sasa hii ya kujificha ilikuwa ya kumfurahisha nani?

Maana mkewe Janeth alikuwa na meno ya kwao. Alizaliwa kitongoji kimoja karibu na Ihanja, na waliokunywa maji ya kisima cha pale tangu utotoni meno yao huota na madoa ya kahawia, mtoto wa tajiri na wa maskini sawasawa. Melkiori yeye alilelewa na shangazi yake Tukuyu, kwenye mvua isiyokatika, akarudi Singida ndevu zimeshaota na meno meupe kama ugali wa sembe. Siku alipopeleka posa, bibi zake Janeth walimshika kidevu, wakamfumbua mdomo na kuchungulia, wakacheka kwamba mkwe huyu mgeni kabisa, humu halijapita hata tone la maji yetu. Mwenyewe aliona amesifiwa.

Na tangu amwoe, Janeth alikuwa akicheka kwa mkono. Jambo likimchekesha, kiganja kilifika mdomoni kabla ya sauti. Melkiori alidhani ni haya za mwanamke aliyelelewa vizuri, na alijivunia kimoyomoyo kwamba yeye hakuoa mtu wa kujichekeshachekesha barabarani.

Basi mwanamke huyo, mama wa Evodia aliyefika darasa la tatu, leo anang'arisha meno kwa siri? Wivu ulimpanda Melkiori mpaka chai ikamshinda. Mwanamume mwenye akili zake angeuliza tu, akajibiwa, yakaisha. Melkiori aliirudisha dawa mahali pake, akaanza upelelezi.

Mtuhumiwa hakutafutwa mbali. Kila Jumatano Janeth alipeleka kuku njia panda kumwuzia mnunuzi mmoja aitwaye Gerald, aliyewasafirisha kwenda Dodoma. Melkiori hakuwahi kumwona, kwa sababu Jumatano yeye hushinda kwenye mashine ya kukamua alizeti. Alimjua kwa sauti ya simu tu, sauti nene ya mtu aliyeshiba. Kichwani mwake akamchora Gerald mrefu, mwenye viatu visivyojua vumbi, na mdomoni meno meupe kuliko hata yake.

Kwanza alitaka kujua kama dawa yenyewe inafanya kazi. Isipofanya kazi, alijiambia, huyo Gerald hapati kitu. Meno yake mwenyewe yasingemsaidia, kwa hiyo alinunua nyingine kama ile, akampa shemeji yake Paulo, kaka yake Janeth, aliyefanya naye kazi mashineni na aliyekuwa na meno ya kisima kilekile. Paulo alipenda vya bure, akasugua asubuhi na jioni. Kila alipoingia kazini, Melkiori alimsimamisha mlangoni, akamfumbua mdomo na kummulika kwa tochi ya simu, huku wapakiaji wa mashudu wakiuliza huyo dume anapelekwa mnada gani.

Dawa ilipokwisha, Paulo mwenyewe alitoa hukumu.

"Rangi ya chai imetoka, shemeji. Na ya sigara imepungua. Ila hii nyingine haiko juu, imo ndani ya jino lenyewe. Tumekua nayo. Utaisugua mpaka lini?"

Melkiori alitaka kumkumbatia. Siku hiyo alirudi nyumbani akipiga mluzi. Lakini alipochungulia nyuma ya ndoo ya unga akakuta dawa ya Janeth imezidi kukonda, mluzi ukakatika. Kumbe bado anasugua! Mwanamke anayeendelea kusugua kitu kisichotoka, huyo amependa. Roho ilimuuma kweli.

Jumatano iliyofuata alimdanganya Paulo kwamba tumbo linamkata, akaondoka mashineni, akajibanza njia panda nyuma ya matenga ya kuku. Janeth alikuwa amesimama na majogoo mikononi. Mtu mmoja aliyempa mgongo Melkiori alisema neno, na Janeth akacheka. Alicheka mdomo wazi, kichwa nyuma, sauti ikavuka barabara. Melkiori akajifariji kwamba hakufunika mdomo kwa kuwa mikono imejaa kuku. Mara Janeth akawakabidhi wale majogoo, mikono ikabaki mitupu, na akacheka tena vilevile. Tangu amwoe, Melkiori hakuwahi kukisikia kicheko kile chote.

Akatoka mafichoni amekunja ngumi. Janeth akaita, "Baba Evodia!" na yule mtu akageuka.

"Aa, shemeji! Karibu!" alisema Gerald kwa ile sauti nene ya simuni, akatabasamu. Alikuwa mfupi, mwenye kandambili, na meno yake yalikuwa ya kahawia iliyokolea, yamemeguka kwenye ncha. "Mimi na mkeo tumekunywa kisima kimoja. Darasa moja mpaka la saba."

Ngumi zikakosa pa kwenda. Melkiori akampa mkono, akauliza bei ya kuku kama mjinga.

Jioni, Janeth akichambua mlenda uani, Melkiori alishindwa kuvumilia.

"Mama Evodia, ile dawa iliyo nyuma ya unga. Unamng'arishia nani meno?"

Janeth hakushtuka. "Wewe," alisema.

"Na kule njia panda?"

"Gerald nimfiche nini, baba Evodia? Ya kwake si yanashinda yangu kwa madoa? Kwake nasahau kama nina meno. Wewe ukicheka nayaona yako, nakumbuka yangu."

"Lakini mimi sijawahi kuyasema meno yako hata siku moja."

"Hujawahi. Ila nikifunika mdomo huwa unaniangalia umefurahi. Nikajua ndivyo unavyopenda."

Ilikuwa kweli, na Melkiori alilijua hilo. Alikaa kwenye kigoda karibu naye. Kisha, kwa kuwa hakujua kuomba msamaha kwa njia nyingine, akamsimulia yote: jinsi alivyomfumbua Paulo mdomo kila asubuhi, tochi, wapakiaji, na habari ya mnada. Akasimama akaigiza Paulo, shingo imenyooka na ulimi nje.

Kicheko kilimjia Janeth kwa nguvu. Alitikisika, akaangusha mlenda, machozi yakamtoka. Melkiori alimtazama akisubiri. Kiganja kilikuwa kimeshafika mdomoni, na kilikaa palepale hadi kicheko kikaisha.

"Utazoea," Melkiori alimwambia taratibu.

"Labda," alijibu Janeth, akainama kuokota mlenda.

Jumatano ingekuja, na Gerald angekiona kicheko kile chote, bure, kwa sababu tu ya meno yake mabovu. Melkiori alimwonea wivu kuliko alivyomwonea alipomdhani mwizi wa mke.