Mfuniko wa Friza la Tadei

Friza la Tadei liliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, na kama ilivyo desturi ya Matogoro, halikutupwa. Lilisogezwa nyuma ya jiko, likawekwa mbegu za mahindi, maana panya hawezi kulitoboa. Mvua za kwanza ziliponyesha mbegu zikatolewa. Dorine, mtoto wa Lidwina, dada yake Tadei waliyekaa naye nyumba moja, akaingia humo kujificha akicheza kombolela na wenzake. Mfuniko ukabana. Walimtafuta hadi bondeni, kumbe alikuwa hatua chache tu kutoka jikoni.

Matanga yalipoisha, Lidwina alikuwa akiosha vyombo jioni akasikia mfuniko unagongwa kwa ndani. Akafungua. Dorine alikuwa amekaa, sare imelowa jasho.

"Shikamoo, mama. Naomba maji."

"Marahaba."

Mtoto akanywa kikombe kizima, akajilaza, akaomba afungiwe. Lidwina alipofungua tena alikuta punje za mahindi tu.

Ikawa hivyo kila jioni. Majirani wakipita waliuliza kama ameshakunywa. Katekista alishauri maji yachemshwe.

Tadei alikuja na spana. Kwenye mkutano wa mtaa walishaambiwa kwamba friza likifa, mfuniko ung'olewe kwanza, na yeye alikuwepo akiitikia kwa kichwa. Lidwina akapanda juu ya friza, akakaa.

"Kaka, ukiung'oa huu, mwanangu atapitia wapi?"

"Lidwina, mtaa huu una watoto."

"Na mimi nilikuwa naye."

Tadei akaufunga kwa waya tu. Jioni ile hapakugongwa. Lidwina alilia mpaka sauti ikamkauka, na kulipokucha akaukata waya kwa koleo la kaka yake mwenyewe. Tadei alimwona, akaliokota koleo akalirudisha ndani. Alijua friza lililomuua mtoto ni lake.

Tangu hapo Lidwina alilinda friza, shamba akaliacha liote magugu. Lakini mama yao aliugua, ikabidi ampeleke hospitali ya Peramiho, na gari likawaharibikia njiani wakirudi. Alifika jioni, akamkuta jirani yake Biasha akizunguka nyumba hadi nyumba, akimwita bintiye Mwanaisha.

Mfuniko ukagongwa. Lidwina akaufungua. Dorine alikuwa amejibana pembeni, amempakata Mwanaisha aliyekwisha kupoa.

"Mama, leo lete vikombe viwili. Huyu ataanza kunywa kesho."

Mwanaisha alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Watu walipotoka makaburini Tadei alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, spana mkononi, akilia bila kujificha. Lidwina alikuwa amesimama kando na safari hii hakumzuia. Tadei alikuwa ameshalegeza nati ya kwanza Biasha alipofika na kumshika mkono.

"Kaka Tadei, nakuomba," alisema. "Wangu bado hajanywa."

Tadei akaikaza nati. Wanawake wale wakaketi chini wakisubiri jioni, na mfuniko ulikuwa umefungwa.