Shahidi Aliyekatizwa

Katika mafunzo ya mawakili mjini Duluth, kesi huwa ya kubuni na shahidi ni mwigizaji. Kosa la mwanafunzi halimpeleki mtu gerezani. Lakini Denise Pruitt, mtetezi wa washtakiwa maskini, alikuja na kesi ya kweli moyoni. Jumatatu angemtetea Curtis Tolliver, kijana aliyeshtakiwa kwa kuvunja duka la dawa.

Denise alipomwachia mwigizaji nafasi ya kueleza, mkufunzi Gunnar Halvorsen aligonga meza.

“Wakili, unamdodosa au unamkaribisha kahawa?”

Wenzake wakaangua kicheko.

“Nilitaka kusikia anachokijua, Mwalimu.”

“Usitake! Shahidi wa wapinzani hafunguliwi mlango. Swali moja, jambo moja, ndiyo au siyo. Akianza hadithi, mkatize!”

Wakarudia mpaka Denise akamkatiza yule mwigizaji kabla hajavuta pumzi, naye akapigiwa makofi.

Jumatatu ilipofika, upande wa mashtaka ulimleta Bi Ingrid Lindquist, mjane mkaazi wa ng'ambo ya duka. Alisema alimwona mwizi akitoka dirishani amevaa koti jekundu, na koti la Curtis lilikuwa jekundu.

Denise akasimama.

“Uso wake hukuuona. Ndiyo au siyo?”

“Ndiyo, sikuuona, mwanangu, ila jinsi alivyokuwa—”

“Inatosha, Bibi.”

Akaketi, ameridhika. Waamuzi kumi na wawili, raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, wakalitazama koti, wakamtia Curtis hatiani.

Ukumbini, mjane akamshika Denise mkono.

“Mbona ulinikatiza? Yule mwizi alikuwa kiwete, anaburuta mguu. Huyu kijana wako anatembea wima kama askari!”

“Polisi hukuwaambia?”

“Waliniuliza koti tu. Nawe ukasema inatosha.”

Denise akakimbilia kwa jaji, akaomba kesi isikilizwe upya. Jaji akavua miwani.

“Shahidi alikuwa mbele yako, Wakili. Jambo ulilokataa kulisikia haliitwi ushahidi mpya.”

Akashuka mahabusu. Curtis alikuwa amekwisha kutiwa pingu.

“Dada, yule bibi alitaka kusema nini?”

Denise hakumficha, akamweleza yote.

“Kumbe ungenyamaza tu,” Curtis akasema, “leo ningelala kwa mama.”