Sauti Nene Iliyobaki kwa Baba

Binti yangu, tuliyezoea kumwita Chiriku kwa kuwa hajui kunyamaza, alinyamaza siku baba yake alipopiga simu kwa mara ya kwanza tangu aende kuchomelea vyuma kwenye mgodi wa mbali. Alisikiliza kidogo, kisha akanirudishia simu kama mtu aliyeuziwa yai viza.

“Huyu si baba,” alisema. “Baba ana sauti nene. Huyu ni mbu.”

Mume wangu alisikia. Alicheka, ila kicheko chake kilikatika upesi. Tangu hapo, kila Jumapili alipoomba kuzungumza na mwanawe, Chiriku alijificha chini ya meza ya cherehani yangu, nami nikabaki kumpa baba mtu visingizio. Niliogopa kwamba atakaporudi atapokewa kama mgeni ndani ya nyumba yake.

Jumapili moja, kabla ya saa ya simu, nilimwambia Chiriku aguse ubao wa meza kwa chini, huko huko mafichoni. Nikakanyaga cherehani polepole, ubao ukanguruma. Akasema ni paka aliyeshiba. Nikakanyaga mbio, mashine ikalia kwa sauti nyembamba. Akasema yule mbu amerudi.

Nikamweleza kwamba sauti zote ni mtikisiko. Kitu kikitikisika polepole, sauti huwa nene. Kikitikisika upesi, huwa nyembamba. Kifua cha baba hutikisika polepole, ndiyo maana yeye Chiriku alikuwa akikilalia na kusinzia. Mdomo wa simu, kwa upande wake, ni mdogo kama ukucha: mitikisiko ya upesi huimudu, ile mizito ya polepole huushinda nguvu.

“Sasa inabaki wapi?”

“Inabaki kwa baba.”

Akafikiri. “Kwa hiyo bado anayo.”

“Anayo yote, mama.”

Simu ilipoita, mkono mdogo ulichomoza chini ya meza. Nikampa. Hakusalimu, alimwamuru baba yake atikisike polepole. Maskini mume wangu, akadhani anatakiwa kusema polepole, akaanza kuburura maneno kama redio iliyoishiwa betri. Chiriku akacheka mpaka akajigonga kichwa. Akamsahihisha: si mdomoni, ni huko kifuani.

Kisha mume wangu akaanza kuguna ule wimbo wake usio na maneno, aliokuwa akiuguna alipokuwa akimbembeleza mwanawe alale.

Chiriku alitoka mafichoni, akailaza simu juu ya ubao, akarudi chini na kubandika kiganja. Nilisubiri hukumu huku nimeshika kitambaa nisichokuwa nikikishona.

“Imefika kidogo,” alisema hatimaye. “Iliyobaki atakuja nayo mwenyewe.” Kisha akapaza sauti ili asikike kwenye simu: “Baba, usiache.”

Hakuacha. Nami nikaweka kitambaa kando, nikabandika kiganja changu juu ya ubao, karibu na simu, nione kama na mimi nitapata kidogo.