Mla Rangi Asiye na Meno

Haya, wajukuu, nijibuni: ninaye mlaji asiye na meno wala tumbo. Chakula chake rangi. Jua likimwona, anakula. Ukimfunika, anashinda njaa. Nani huyo? Mnakuna vichwa? Kuneni tu, tutakutana naye njiani.

Palikuwa na mtia rangi nguo mmoja, mjane, mikono yake buluu hadi viwikoni, tukamwita Mama Nili. Mapipa yake aliyafunika kwa magunia mabichi kila jua lilipochoma, maana jua hufifisha rangi, na alikuwa amefanya hivyo tangu usichana wake. Lakini maji machafu ya kazi hiyo yaliteremka kwa mfereji mpaka kwenye bustani ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mboga zikanyauka. Maji ya kisima yakawa kama wino. Na wifi hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Ulimmaliza kaka yangu, sasa zamu yangu?" alifoka juu ya ukuta mfupi uliowatenga. "Ijumaa naleta mwashi. Huo mfereji naujaza zege, uogelee uchafu wako mwenyewe!"

"Jaza! Likibaki, jaza na mdomo wako."

Mama Nili alijibu hivyo kwa kiburi tu. Mfereji ukizibwa, kazi imekufa, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Binti yake, aliyesomea mambo ya maji, akaleta unga mweupe, ule unaotiwa hata kwenye rangi za ukuta. Akamimina maji machafu kwenye masinia mapana, akanyunyiza unga, akakoroga.

"Mama, jua likiupiga unga huu, unavunjavunja rangi na sumu yake. Wewe koroga tu, usisahau."

Ndiye huyo mlaji wetu, mmemwona?

Binti akaenda kazini. Jioni anarudi, maji ni yale yale ya buluu, na masinia yamefunikwa magunia mabichi, isipokuwa moja la pembeni ambalo gunia halikulifikia.

"Nani kafunika?" akauliza.

Mama Nili akainamia pipa, akasugua mahali palipokwisha kutakata. Binti akageukia ukutani.

"Shangazi! Roho mbaya hiyo utazikwa nayo!"

"Mtoto wa nyoka wewe! Nilikushika ulipozaliwa, leo unaniita mbaya?"

Mama Nili akasikia yote, akazidi kusugua pipa.

Kesho yake, Ijumaa, mwashi akaja, akakoroga zege kando ya mfereji. Binti akalibeba lile sinia la pembeni mpaka mbele ya shangazi yake. Unga ulikuwa umetuama chini, na juu maji safi, unaona hata mikwaruzo ya bati.

"Tazama! Hili lilipata jua. Yote yangekuwa hivi, kama usingeyafunika!"

Wifi akachungulia. Akachovya kidole, akakiinua: hakikuwa na rangi. Uso wake ukalegea kidogo, kisha akaukaza tena.

"Mimi nikikuchukia nakuziba mchana, mwashi akishuhudia. Kuruka ukuta na magunia kama paka mwizi, hiyo si tabia yangu." Akamgeukia mwashi. "Weka koleo chini." Akamgeukia Mama Nili. "Maji haya naweza kuyapokea. Ila sipokei kitu kutoka nyumba inayonisingizia. Nani alifunika? Nisipojibiwa, zege linamwagwa."

Binti alifungua kinywa. Mama yake akamshika mkono, akaacha alama ya buluu. Mwashi akatazama zege lake linavyoanza kukauka, kisha akamtazama wifi.

"Wewe mwashi, usinitazame mimi," alisema wifi. "Mtazame huyo."

Mama Nili akauachia mkono wa binti.

"Mimi, wifi. Nilikuja kukoroga, nikaona rangi iko juani, mkono ukafunika wenyewe. Kisha nikaona aibu kusema, nikakuacha utukanwe."