Alama Nne za Eoghan Tuohy

Katika parokia ya Kilcorrin, alama sita juu ya kumi ndiyo sifuri. Mchezaji wa hurling, ule mchezo wa magongo na mpira, acheze ovyo namna gani, mwandishi atampa sita na neno la faraja juu yake, maana Jumapili atakutana na mama yake kanisani. Aliyevunja mwiko huo alikuwa mmoja tu, Malachy Hanrick. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, na alipostaafu hakuacha kusahihisha watu. Baada ya kila fainali gazeti la kaunti lilimpa nusu ukurasa awapime wachezaji mmoja mmoja. Watu walimlaani, na gazeti walinunua.

Jumatatu hiyo asubuhi alikuwa mezani jikoni, chai imepoa, wachezaji kumi na wanne ameshawamaliza. Alibaki Eoghan Tuohy, beki wa kona, na huyo Malachy alikuwa amemwekea kisu tangu jana.

Kombe halikuwa limeingia Kilcorrin kwa miaka arobaini na mmoja. Jana, dakika ya mwisho, walikuwa mbele kwa pointi mbili. Ndipo Rathgarve walipofunga goli, na goli ni pointi tatu, wakaondoka na kombe kwa tofauti ya pointi moja. Na watu elfu nne walimwona Eoghan mbele ya mfungaji, mikono mitupu, katika mchezo ambao bila gongo wewe ni mtazamaji tu. Malachy aliliona goli hilo kwa karibu kuliko wote. Miaka ishirini sasa alikuwa akijitolea kusimama kando ya goli na fungu la magongo ya akiba, kwa sababu hapo ndipo mchezo unapoonekana vizuri.

"Sikiliza hii," alimwambia mkewe. "Eoghan Tuohy, nne. Alitupa gongo lake, na kombe letu akalitupa pamoja nalo."

Attracta alikuwa akiosha vyombo. "Imekaa vizuri," alisema. "Sasa kampelekee mama yake, uone kama atakukaribisha chai."

"Mimi siandikii akina mama."

"Najua, mume wangu. Ndiyo maana hatualikwi harusi."

Malachy alicheka, kwa sababu aliipenda ile sentensi aliyoiandika. Tuseme ukweli, aliipenda kuliko alivyompenda yule kijana, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusoma. Akafungua video ya klabu kwenye simu, ahakikishe tu ni dakika ya ngapi.

Video ilipigwa kutoka juu ya trela la trekta. Magongo mawili yaligongana, na la Eoghan likapasuka kutoka kichwani hadi mpinini. Akakitupa kipande kilichobaki, akainua mkono kuelekea kando ya goli. Akaita. Akapunga tena, akaita tena, na mara ya tatu. Sekunde kumi na moja zilipita. Kwenye pembe ya picha alisimama mtu mwenye kizibao cha manjano, magongo matano kwapani, kichwa chini, kalamu inatembea. Malachy alimtambua kwa kofia: ilikuwa yake mwenyewe.

Jina la mfungaji wa pointi iliyotangulia ndilo alilokuwa akiliandika. Alipoinua kichwa, Eoghan alikuwa mikono mitupu na mpira unakuja. Kilichotokea kabla ya hapo alijijazia mwenyewe, na hakuwa na shaka hata chembe.

Attracta aliinama begani kwake na mikono yenye povu. "Huyo ni..." Akaisogelea simu. "Ee Mungu wangu, Malachy."

Nyani haoni kundule, wanasema. Huyu alionyeshwa lake kwenye video. Ilikuwa saa nne na nusu, na gazeti lilitaka karatasi yake saa sita. Alichukua ufunguo wa gari.

Eoghan alikuwa akikamua ng'ombe wa mwisho kwa mashine, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimefungwa bandeji, vile vilivyovunjwa na mpira wa lile goli.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka. "Umekuja kunipa pole au kunisahihisha?"

"Gongo lako lilipasuka."

"Lilipasuka."

"Na uliniita."

"Mara tatu."

Malachy alitafuta pa kushika, akashika lango la chuma. "Sasa mbona hukusema? Jana kwenye basi walikuwa wanakusema waziwazi, na mimi nimekaa hapo hapo!"

"Niseme nini? Kwamba kombe limeondoka na kalamu ya Mwalimu? Wangekula nyama yako mbichi." Alimpigapiga ng'ombe ubavuni asogee. "Mimi nina miaka ishirini na mitatu. Mwakani nikicheza vizuri watasahau. Wewe utacheza lini wasahau? Nipe tu hiyo alama mbovu uliyonipangia, Mwalimu. Nadhani ni nne, si ndiyo?"

Malachy alirudi garini.

Tusimsingizie utakatifu. Kilomita mbili nzima za kurudi nyumbani alifurahi. Kijana mwenyewe karidhia, basi, na video hutazamwa na nani? Karibu na kanisa furaha ikamwishia, akaona aibu. Alifika mezani saa sita kasoro dakika ishirini.

Jumatano dukani foleni ilisoma gazeti. *Eoghan Tuohy, nane. Gongo lilipasuka, akajaribu kuzuia kwa mkono mtupu, akavunjika vidole viwili, na hakumtaja mtu. Mbeba magongo, Malachy Hanrick, moja. Aliitwa mara tatu. Alikuwa akiandika.*

Malachy alipoingia, walimgeuzia mgongo. Alipofika nyumbani alikuta kalamu tisa zimefungwa kwa uzi kwenye lango lake, moja yenye nembo ya parokia. Hata padri, basi! Alizifungua moja moja.

Alasiri Eoghan aligonga mlango.

"Hiyo moja umejipa ya nini, Mwalimu? Mimi ningekupa sifuri."

"Ya mahudhurio," alisema Malachy. "Nilifika kwa wakati."

Eoghan hakucheka. Kisha akalichukua fungu la magongo lililokuwa limeegemea ukutani, akamwekea mikononi.

"Jumapili timu ya pili inacheza. Saa nane. Kalamu iache nyumbani."

Malachy alilikumbatia fungu kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akampa Attracta aliyekuwa nyuma yake, pale pale mlangoni, ingawa Jumapili ilikuwa bado siku nne.